Nimelipa laki na themanini kwa cheti cha bure na picha ya muhuri!

Wakuu heshima kwenu, leo sina salamu ndefu.

Nauza vitenge na madera Kariakoo. Mwaka jana nikafungua duka la mtandaoni, wateja wa mikoani waache kunitumia hela kwa imani tu. Kampuni iliyonitengenezea tovuti (siitaji jina, wanajijua) ikanitisha kwamba bila "kifurushi cha usalama" hakuna atakayenunua. Ndani yake kuna cheti cha SSL (kinachoficha taarifa za mteja zikiwa njiani kwenda kwenye tovuti) na muhuri wa uaminifu wa kubandika chini ya ukurasa. Shilingi 180,000 kwa mwaka. Nikalipa, risiti ninayo.

Jumamosi iliyopita, wiki ambayo watu wanatafuta nguo za Idd, mteja wangu wa Mwanza ananitumia picha ya skrini. Ukurasa mweupe, alama nyekundu, onyo kwamba huenda kuna watu wanataka kuiba taarifa zake. "Kaka, umeanza utapeli lini?" Huyu dada kaninunulia mara sita! Oda za siku ile nikazihesabu: mbili, na zote za asubuhi.

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja ananiambia, "Bosi, hiyo ni simu ya mteja, mwambie abadilishe tarehe." Watu wote wa Mwanza, Mbeya na Tanga simu zao zimeharibika tarehe siku moja?

Mpwa wangu yuko chuo, akaja na laptopu yake. Akabonyeza kale kaalama kando ya anwani (Chrome ilishaondoa alama ya kufuli mwaka 2023, sasa kuna vistari viwili vyenye vidoti), akafungua maelezo ya cheti. "Mjomba, hiki ni cha Let's Encrypt." Nikamuuliza ndio wa wapi hao. Kumbe ni shirika lisilo la faida la Marekani linalotoa vyeti BURE tangu 2015, kwa mtu yeyote mwenye tovuti. Kinadumu siku 90, halafu kaprogramu kwenye seva kanakihuisha chenyewe, hata mtu hagusi. Kwa hawa walionitengenezea tovuti, hako kaprogramu kalikwama, cheti kikaisha muda, na hakuna aliyekuwa anaangalia. Yaani kazi pekee niliyokuwa nawalipia ni kuangalia, nayo imewashinda.

Sikatai, vyeti vya kulipia vipo. Vingine vinahakiki hadi usajili wa kampuni yako kabla ya kutolewa, na hapo unalipia kazi ya watu. Ila usimbaji wa taarifa njiani ni uleule. Na mimi sikuhakikiwa na mtu, hata karatasi ya BRELA (wasajili wa biashara) hawakuniomba.

Tuje kwenye muhuri sasa, hapa ndipo nilipotaka kulia. Muhuri wa kweli ukiubonyeza unakupeleka kwenye ukurasa wa aliyeutoa, unaona jina la tovuti yako na kwamba bado uko hai. Wangu nimebonyeza mpaka kidole kimeuma. Ni picha! Mpwa wangu akaihifadhi kwenye laptopu na kuibandika kwenye ukurasa mtupu ndani ya dakika moja, nao ukawa "umethibitishwa". Jina la faili: muhuri_mpya2.png. Na cheti kilipokufa Jumamosi, muhuri ulibaki pale pale unametameta kwa yeyote aliyelipuuza onyo akaingia.

Jumatatu wamekihuisha, dakika tano tu. Hata pole hakuna. Badala yake nikapokea barua pepe: "Mpendwa mteja, ili kuepuka usumbufu tunakushauri upande daraja la juu, jina la biashara yako litaonekana kwa kijani kwenye kivinjari." Laki nne na nusu! Wakuu, hayo majina ya kijani Chrome na Firefox waliyatoa kwenye upau wa anwani mwaka 2019. Wananiuzia kitu ambacho hata wao wakifungua kompyuta yao hawakioni.

Na wameandika kwamba kifurushi "kinazuia wadukuzi kuingia". Cheti kinaficha kinachopita kati ya simu ya mteja na seva, basi. Ukiweka nywila ya 123456 wataingia tu, na cheti chako kiko palepale. Hata matapeli wanacho hicho cheti, si ni cha bure?

Nimeomba kuhama na domeini yangu (jina la tovuti). Ni .co.tz, imesajiliwa kwa jina langu mimi. Wanasema namba ya kuhamishia hawaitoi mpaka mwaka wa kifurushi uishe. Aliyewahi kuhama kwa watu wa namna hii alianzia wapi? Msajili mwingine anaweza kunisaidia bila hiyo namba, au nipeleke malalamiko kwa wanaosimamia .tz?

Jibuni hapa hapa wengine wasome. Wa kuja PM kuniuzia kifurushi, nawaona tangu mbali.