Kibodi ya mekanikali isiyosumbua usiku: ninunue mpya au nibadilishe swichi tu?

NuruSakina
Wakuu habari za saa hizi. Niko Arusha, Sakina, nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano, na hizi nyumba zetu mnazijua, ukuta unaishia chini ya dari na dari ni moja nyumba nzima, mtu akikohoa chumba cha mwisho unamsikia. Kazi yangu natumiwa rekodi za mikutano na mahojiano naziandika neno kwa neno, na nyingi zinaingia usiku, kwa hiyo naanza saa 4 hadi saa 9 usiku huko. Mtoto wangu ana miezi 7, analala kama mita 2 kutoka kwenye meza.

Mdogo wangu alipoenda chuo aliniachia kibodi yake ya mekanikali, yani kila batani ina swichi yake chini, hii ina swichi za bluu, batani 87. Aisee vidole vimepona. Kabla ya hapo natumia ya laptopu, ikifika Ijumaa viungo vya vidole vinauma mpaka kukamua nguo ni shida. Ila kelele sasa! Juzi mama jirani, mtu mzima na ana presha, ameniita asubuhi akaniambia kwa upole kabisa, "mwanangu, ile cherehani usiku huwezi kuisogeza upande wa pili?" Alijua nashona. Nimejisikia vibaya sana maana hajawahi kunikosea hata siku moja.

Bajeti yangu ni laki 2, nikijibana sana laki 2 na nusu. Ninunue kibodi nyingine inayokuja na swichi za kimya, au hii niibadilishe swichi, au nirudi tu kwenye kibodi ya raba ya ofisini? Naomba mnisaidie, hasa mliowahi kutumia wenyewe.

chalii_wa_Kijenge
Dada pole. Mi nakushauri chukua ya raba, elfu 25 hadi 40 unapata nzuri mjini pale, haina kelele na ikifa unanunua ingine. Mekanikali ni ya wacheza gemu.

fundi_wa_Rau
Dada Nuru shikamoo kwa mama jirani kwanza. Mi niko Moshi, Rau, natengeneza kompyuta na kibodi nimezifungua nyingi, naomba nieleze taratibu kidogo maana watu wananunua swichi ya kimya halafu kelele ipo vilevile wanasema wametapeliwa.

Swichi ya bluu imetengenezwa ilie. Ndani kuna kipande kidogo cha plastiki kinachoteleza, ukifika katikati kinaruka na kugonga, ndo ile "tik" unayosikia, kwa hiyo hata ukiibonyeza kwa adabu italia tu, ni kazi yake. Hiyo toa kabisa, haina dawa.

Ukishaiondoa hiyo bado kuna sauti zingine. Kuna batani inapogonga chini. Kuna inaporudi juu ikagonga paa la swichi, na hii watu wanaisahau, jaribu sa hivi, bonyeza batani polepole mpaka chini halafu achia ghafla, utasikia kurudi kunalia karibu sawa na kwenda. Halafu kuna batani ndefu, spesi, enta, shifti na ya kufutia, zile zina kiwaya chini kinaitwa stebilaiza kinachozishikilia zisiende upande, kiwaya kikiwa kikavu kinatetemeka kwenye plastiki, na usiku ndo kinachopenya ukuta. Na mwisho meza yenyewe. Meza ya mbao nyembamba ni ngoma.

Swichi ya kimya ya kweli ina vipande vya raba laini kwenye kile kijiti cha kati, vya chini na vya juu, kwa hiyo inanyamaza ikienda na ikirudi. Cherry MX Silent Red kwa mfano inashuka milimita 3.7 badala ya 4.0 za nyekundu ya kawaida, ile tofauti ndo unene wa raba. Nguvu ya kubonyeza ni ileile, sentinyutoni 45.

Sasa kabla hujatoa hela nijibu hili: swichi zako zinachomoka? Vua kifuniko cha batani moja uangalie swichi juu na chini, kama kuna vijino viwili vya kubana kwa koleo na ile swichi inatoka wima bila kulehemu, basi usinunue kibodi mpya.

NuruSakina
Asante sana kaka fundi, umeeleza nimeelewa. Nimejaribu ile ya kuachia ghafla, kweli inalia ikirudi! Nimevua F12, vijino vipo. Kwenye boksi kulikuwa na kikoleo cha waya na kingine cha chuma sikujua cha nini.

chalii_wa_Kijenge ahsante kaka, ila ya raba nishaitumia miaka 2, ile mpaka uikandamize chini kabisa ndo herufi iingie, kwa masaa 5 mfululizo vidole vinaumia. Hii herufi inaingia katikati ya safari, nikishaizoea sihitaji kufika chini.

chalii_wa_Kijenge
Hapo nimekuelewa sister, hiyo ya kukandamiza sikuiwaza kabisa. Basi weka zile oringi chini ya vifuniko, ni pete za raba, bei rahisi.

fundi_wa_Rau
Oringi zinapunguza kugonga chini tu, kurudi juu haziwezi, na kwa swichi ya bluu ile tik inabaki palepale. Asitupe hela huko.

Kodi_Njiro
Salamu wote. Mi ni mtu wa programu, nafanya kazi nyumbani Njiro, nimepita njia zote hizi kwa hiyo naongea kwa kilichonigusa. Kilicho kimya na kitamu kuliko vyote nilivyowahi kushika ni swichi za Topre, ninazo kwenye kibodi ya HHKB Type-S, ndani ni kikombe cha raba juu ya springi ya koni na inasoma kwa umeme bila chuma kugusana, inasikika "thok" ya chini kabisa kama mtu anagonga mto. Ila bei yake ni zaidi ya mara tatu ya bajeti ya dada, na ile ya mpangilio wa Marekani haina batani za mishale peke yake, unashika Fn ndo upate mishale, kwa mtu anayerudisha rekodi nyuma na mbele usiku kucha ni mateso. Naitaja ili asije akashawishiwa na picha.

Kwa dada mi ningesema Boba U4. Ni swichi ya kimya lakini ina kifundo, yani ukishuka unahisi kigongo pale juu, unajua herufi imeingia bila sauti. Zipo za springi ya gramu 62 na 68. Anayetoka kwenye bluu akipewa linia, ambayo inashuka laini moja kwa moja bila kifundo, atakuwa anakandamiza mpaka chini maana hajui imeingia lini.

fundi_wa_Rau
Kodi hapo tupingane kidogo. Kifundo cha U4 ni kikubwa na springi ni nzito, kwa maneno elfu kumi na kitu kwa usiku mmoja na mtu aliyeshasema vidole vinamuuma, mi naogopa. Linia nyepesi anaizoea wiki moja.

Kodi_Njiro
Ukizoea ndio. Ila mimi linia nilikuwa naandika herufi ambazo sikuzitaka, kidole kinapumzika tu imeingia. Kwa maandishi ya watu hilo ni kosa.

Bi_Karani
Wanangu, mimi nilikuwa karani mahakamani miaka mingi, nilianza na taipuraita ya chuma kwa hiyo mkono wangu ni mzito, na sa hivi naandikia watu barua na mikataba hapa Moshi, Majengo. Kijana wangu aliniwekea Silent Red. Nilivyoanza nilichukia, niliona kama nabonyeza ndizi mbivu, haina mwisho, raba inameza. Kama siku 10 hivi. Baadaye mkono ukajifunza wenyewe kutofika chini na sasa nikishika ya mjukuu wangu naona inanipigia kelele kichwani. Nuru mwanangu, hilo la kuhisi kama ndizi utalikuta kwenye swichi zote za kimya, usikate tamaa siku ya tatu. Na huyo mama jirani mpelekee hata maziwa, mwambie umesikia na unashughulikia.

NuruSakina
Shikamoo mama. Nimefanya hivyo leo hii hii, amefurahi sana.

R_Sanawari
Kuna jambo hakuna aliyelitaja na mimi liliniuma. Nilikuwa na kibodi kama hiyo ya bei ya kati, imeandikwa kabisa swichi zinabadilishika, nikaagiza za Cherry kutoka nje nikasubiri karibu miezi miwili, zimefika haziingii! Kumbe kuna kibodi nyingi za bei nafuu matundu yake ni membamba, yanakubali swichi za Outemu peke yake maana vijiti vya chuma vya chini vya Outemu ni vyembamba kuliko vya wengine. Nikalazimisha, tundu likang'oka kwenye bodi. Muuzaji nikamuuliza akasema hajui hiyo habari. Dada chomoa moja kabla hujaagiza, tafuta jina kwenye paa la swichi.

fundi_wa_Rau
Umeongea la maana kuliko sisi wote. Hati miliki ya Cherry ilishaisha muda, ndo maana Gateron, Kailh, Outemu na wengine wanatoa swichi zenye kijiti kilekile cha msalaba na vifuniko vinaingiliana, lakini miguu ya chini inatofautiana. Na hesabu miguu yote, ya chuma na ya plastiki, kama swichi mpya ina 5 na bodi yako ina matundu 3, zile mbili za plastiki za pembeni unakata kwa nailkata, haina madhara.

NuruSakina
Nimechomoa. Imeandikwa Outemu. Na tundu ni jembamba kweli, nimemulika na tochi ya simu.

fundi_wa_Rau
Basi ubishi wangu na Kodi umeisha, U4 na Silent Red weka pembeni japo U4 nayo inatoka kwa hao hao Outemu, mi nisingemwambia mtu alazimishe kitu ambacho sijakijaribu kwenye bodi yake. Chukua Outemu Silent Peach, ni linia nyepesi ya kimya, agiza 90 ili zibaki 3 za akiba. Raba zake zinanyamaza vizuri na kwa bei yake mimi sijaona cha kushindana nayo.

Ukizipata, kila swichi itazame miguu kabla hujaiingiza, vile vijiti viwili vya shaba viwe vimenyooka, kikiwa kimepinda kinajikunja chini na herufi haiingii, nyoosha na kibano. Ingiza wima, sukuma kwa dole gumba, usiikandamize kibodi ikiwa imelala kwenye kitanda maana bodi inapinda.

Stebilaiza usiziache. Vua spesi, chovya kijiti cha meno kwenye grisi ya silikoni, maduka ya spea za magari wanayo, pakaa pale waya unapoingia kwenye plastiki, kidogo tu kama punje ya mchele kila upande. Vaselini hapana, inayeyuka, inasambaa na kukusanya vumbi, na vumbi la Sakina wakati wa kiangazi tunalijua.

R_Sanawari
Na chini ya kibodi weka shuka la kimasai, likunje mara 4. Nililinganisha na ile pedi kubwa ya mausi nikaona shuka limenyonya mtetemo zaidi, ila liwe limenyooka kibodi isicheze.

Kodi_Njiro
Naunga mkono Peach kwa hali yake. Dada ukizoea linia usiku wa manane urudi uniambie kama unaandika herufi za ziada, nataka kujua kweli.

NuruSakina
Wakuu nimerudi, wiki 5 zimepita. Mzigo ulikuja mpaka Dar kwa mtu, kutoka Dar ukaja na basi, nimeupokea stendi. Swichi na usafiri wote elfu 74, grisi elfu 6. Laki na ushee imebaki nimemnunulia mtoto neti na mimi kiti chenye mgongo.

Kubadilisha kulinichukua Jumapili mchana yote. Mbili zilikunja miguu, ya herufi M na ya nukta, nikazinyoosha. Baada ya kumaliza nikaandika, batani za kawaida kimya, ila spesi ilikuwa inalia kla-kla kuliko hata mwanzo, au ndo niliisikia vizuri sasa, nikakumbuka kiwaya. Nilipopakaa ile grisi upande wa kushoto ukanyamaza, wa kulia bado, nikavua tena nikakuta waya umetoka kwenye ndoano yake. Nikaurudisha, kwisha.

Kodi, wiki ya kwanza kweli nilikuwa naingiza herufi za ziada, hasa A na L, kidole kidogo kinalala. Sasa hivi nakuta chache sana. Na ile ndizi ya Bi Karani nimeionja, siku 6 hivi.

Jana saa 7 usiku nilimwachia rafiki yangu aandike, mimi nikatoka nikasimama kwenye korido mlango wa mama jirani. Nilisikia feni yake. Kibodi sikuisikia.

Kilichobaki ni pedali ya mguu ya kusimamishia rekodi, nayo ina tik kama ya swichi ya bluu na iko kwenye sakafu ya saruji.

fundi_wa_Rau
Ifungue chini, ina skrubu 4 kawaida, piga picha ya hiyo swichi ndogo ya ndani uiweke hapa tuione.