Gololi za udongo kwa manati: tunakosea wapi?

Mupera_Katuba aliuliza:

Wandugu, salamu. Tuko wanne hapa Katuba, Lubumbashi, kila Jumapili tunapiga shabaha kwa manati, mita 10, makopo ya nyanya yametundikwa kwa kamba. Gololi za chuma tunazinunua kwa mafundi wa kinga (baiskeli), lakini zinapotelea majanini na franga zinakwisha. Tukahamia kwenye udongo wa kichuguu. Kati ya gololi kumi, tatu zinapasuka zikikauka. Nyingine zinameguka ndani ya ngozi kabla hazijatoka. Zinazobaki haziendi mahali pamoja: moja inapita juu ya kopo, inayofuata inapita chini, na mkono ni uleule.

Tunafinyanga kwa viganja, kipimo ni macho, kisha tunaanika juu ya bati siku nzima. Tuzichome kwenye mbabula (jiko la makaa) kama matofali? Kuna pia anayetushauri tuyeyushe risasi ya betri za gari, ile plomu, tumimine gololi. Wajuzi mnasemaje?

Fundi_Kichuguu alijibu:

Ndugu, adui wako wa kwanza ni hilo bati. Bati la juani hukausha ganda la nje kwa saa moja huku kiini kikiwa bado kibichi. Ganda linasinyaa, kiini kinakataa, ganda linapasuka. Anika kivulini juu ya gazeti au mkeka, siku ya kwanza funika kwa kitambaa chepesi, na uzigeuze asubuhi na jioni. Mwezi wa saba na wa nane hewa ya Lubumbashi ni kavu, siku tatu au nne zinatosha. Masika hesabu wiki nzima.

Udongo wenyewe mmechagua vizuri, si bure matofali ya mji huu yanatoka humo. Ila hauingii mkononi kama ulivyochimbwa. Utwange, uchunge kwa wavu wa mbu uliokunjwa mara mbili. Ukiona vipunje vyeupe vigumu, hasa kwenye udongo uliotoka chini kabisa ya kichuguu kikubwa, hivyo ni chokaa, vitupe vyote. Usichimbe karibu na lile lima jeusi la masalio ya shaba wala upande ambako moshi wa kiwanda ulikuwa unaangukia, maana udongo huu mtaushika kwa mikono mitupu saa nzima.

Kujua kama una mfinyanzi mwingi mno: jaza theluthi ya chupa ya plastiki kwa udongo, ongeza maji karibu hadi juu, tikisa sana, iweke chini. Mchanga unatua ndani ya dakika moja. Tabaka laini la katikati linatua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi ndio ule unaoacha maji yakiwa na rangi hadi kesho. Kama tabaka la mchanga ni jembamba sana, ndiyo maana zinapasuka hata kivulini. Ongeza kikombe kimoja cha mchanga laini kwa kila vikombe vitano vya udongo. Mchanga hausinyai, kwa hiyo unapunguza kusinyaa kwa gololi nzima. Lakini usipite hapo, la sivyo zitakuwa zinamomonyoka kama biskuti.

Maji: kilo moja ya udongo mkavu inakunywa kama mililita 250 hadi 300. Yatie kidogo kidogo. Unataka bukari (ugali) ngumu, ile ambayo haigandi kiganjani. Kisha fungia bonge ndani ya mfuko wa plastiki usiku kucha ili maji yafike kila mahali, na kesho yake libamize mezani mara thelathini au arobaini. Usiruke hatua hii. Gololi inayomeguka ndani ya ngozi mara nyingi ina kiputo cha hewa, au ilifinyangwa kwa vipande viwili ambavyo havikushikana.

Sirinji10 alijibu:

Fundi amesema yote ya udongo, mimi niseme ya kipimo, maana ndipo shabaha inapopotelea.

Nunua sirinji mpya ya mililita 10 kwenye famasi (mpya, si ya kuokota). Kata ile ncha ya mbele kwa kisu kikali ili mdomo wote uwe wazi. Vuta pistoni, jaza udongo kwa kuushindilia ili usiache hewa, kisha sukuma na ukate kwa uzi kila alama ya mililita 2. Kila jazo linatoa vipande vitano vya ujazo mmoja. Viringisha kila kipande kwanza kiganjani, halafu kwa kibao laini juu ya meza, mizunguko kumi na tano hivi, bila kukandamiza. Ikiwa mbichi inakuwa na kipenyo cha kama milimita 15.5. Ikikauka inashuka hadi karibu 14.5 na uzito wa gramu 2.9. Kilo moja ya udongo mkavu inakupa gololi kama 340.

Kwa nini uhangaike na uzito? Piga hesabu. Gololi ikitoka kwa mita 45 kwa sekunde, inafika mita 10 kwa sekunde 0.22 na njiani imeshuka sentimita 24. Sasa chukua nyingine iliyozidi uzito kwa 12%, yaani theluthi moja ya gramu tu. Mipira ni ileile, nguvu ni ileile, kwa hiyo mwendo unapungua kwa karibu 6%, na kushuka kunaongezeka karibu sentimita 3. Kopo la nyanya la gramu 70 lina upana wa sentimita 5 hivi. Mkono wako hauna kosa.

Zikishakauka zipime kwa ile mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Tenga mafungu mawili: zinazotofautiana chini ya gramu 0.1 ni za shabaha, nyingine ni za kupasha mkono moto. Hakuna mizani? Ziviringishe kwenye reli ya vijiti viwili vilivyoachana milimita 14. Inayotumbukia au inayoyumba, ondoa.

Yaya_Mwamba alijibu:

Kuhusu kuchoma: hapana. Gololi mbichi iliyokauka ikigonga kopo au ukuta inakuwa vumbi, na uzuri wake wote uko hapo. Ukiichoma inakuwa kigae: inarudi, na ikivunjika inatoa vipande vyenye makali. Juu ya hayo, mbabula haina moto ulio sawa, utapata nyeusi, nyekundu na mbichi ndani ya kopo moja. Na kama kulibaki punje ya chokaa, moto mkali unaigeuza kuwa chokaa hai, inakunywa unyevu wa hewa, inavimba, na gololi inajipasua yenyewe siku chache baadaye rafuni.

Plomu ya betri msiiguse kabisa. Ndani ya betri si chuma safi: kuna uji wa salfeti na oksidi ya risasi, na asidi. Mkiyeyusha, vumbi na moshi vinaenda kwenye nguo, kwenye uwanja, kwenye sufuria. Watoto ndio wanaoumia kwanza, akili zao, na dalili hazionekani mapema. Mbabula hiyohiyo jioni itapikiwa sombe (majani ya muhogo). Gololi ya risasi ya milimita 10 ina karibu gramu 6, kwa kopo la mita 10 uzito huo hauna kazi yoyote.

Panda_Mbili alijibu:

Hakuna aliyeuliza kuhusu mipira! Kwa gololi ya gramu 2.9 huhitaji mpira mzito. Shambreli (mipira ya ndani ya magurudumu) nyeusi za siku hizi nyingi ni za butili, mpira unaorudi polepole. Ukikata upana mkubwa unapata kazi ya kuvuta, si mwendo. Mpira wa rangi ya maziwa, lateksi, ule wa garo la famasi (mpira wa kufungia mkono kabla ya sindano), unarudi haraka zaidi. Tafuta wa bapa wenye unene wa nusu milimita hivi. Kata upana wa milimita 20 upande wa panda, ukipungua hadi 12 upande wa ngozi. Urefu: pima umbali kutoka panda hadi shavuni ukiwa umevuta, gawanya kwa 5. Ukivuta sentimita 80, mpira ulio huru uwe sentimita 16. Ikiwa ni shambreli, gawanya kwa 3.5 au 4, haivutiki kama lateksi.

Usikate kwa mkasi. Mkasi unaacha jino dogo pembeni na mpasuko unaanzia hapo. Weka mpira juu ya kioo, bana rula ya chuma, pitisha wembe mpya mara moja tu. Kabla ya kila kipindi uvute taratibu na uangalie kingo. Ukiona mkwaruzo, tupa. Mpira ukikatika upande wa panda unarudi usoni, kwa hiyo miwani ya plastiki ya mafundi vaeni wote wanne, hata yule anayehesabu tu.

Ngozi nayo: gololi ya milimita 14.5 haikai vizuri kwenye ngozi iliyokatwa kwa ajili ya chuma kidogo. Kiatu kilichochoka, kipande cha sentimita 7 kwa 2.5, tundu la milimita 4 katikati ili gololi ijue nyumba yake. Mkiibana sana kwa vidole ndiyo mnaimegua wenyewe.

Fundi_Kichuguu alijibu:

Na msiache chuma moja kwa moja. Katoni ya sentimita 40 kila upande, ndani tundika fulana mbili kuukuu, zifungwe juu tu, chini ziwe huru, ziachane na ukuta wa nyuma sentimita 10. Kopo linaning'inia mbele. Kitambaa kilicholegea kinameza mwendo na gololi inaanguka sakafuni. Kikikazwa, inarudi au inatoboa. Chuma cha milimita 8, gramu 2.1, mnaokota karibu zote. Udongo uwe wa uwanja wazi.

Mupera_Katuba aliuliza:

Asanteni sana wakubwa. Swali la mwisho: masika zinalainika hata zikiwa kavu. Kuna anayeongeza uji wa muhogo, ni sawa?

Sirinji10 alijibu:

Uji mwepesi badala ya maji unashikilia kweli, gololi haiachi vumbi kiganjani. Lakini unaalika ukungu na panya. Afadhali hivi: mkimaliza kupika, subirini makaa yazimike yabaki majivu ya moto, wekeni gololi ndani ya kopo la mchanga mkavu juu yake nusu saa. Mnafukuza unyevu tu, hamchomi. Muhimu ziwe zimeshakauka kivulini kwanza. Ikiwa na maji ndani, mvuke unaipasua. Kisha zifungieni kwenye kidumu chenye kifuniko kinachokaza, na mtoe zile za siku hiyo tu.

Yaya_Mwamba alijibu:

Na mchanga wa kopo usiwe wa kando ya mto uliotoka kuchotwa. Ukaangeni kwanza.