Hardy alimlilia mke wake, au alijililia mwenyewe?

Mjukuu wa Bibi
Wadau za jioni. Naleta hili kwenu maana juzi nimebishana na rafiki yangu mpaka chai ikapoa mezani. Thomas Hardy, yule mwandishi na mshairi Mwingereza wa Dorset, mwezi wa tatu 1870 alitumwa Cornwall kuangalia kanisa bovu la kukarabatiwa, enzi hizo kazi yake ni usanifu majengo, huko akakutana na Emma Gifford, wakapendana, 1874 wakaoana. Miaka ikaenda wakachokana. Nyumba moja lakini Emma kahamia vyumba vya darini, kuongea kwenyewe kwa shida. Tarehe 27 Novemba 1912 asubuhi mtumishi anamkuta mama hoi, Hardy anaitwa, mama huyo anakata roho. Sasa hapo ndipo mzee wa miaka 72 anaanza kuandika mashairi ya mapenzi, yale ya 1912 na 1913 ambayo watu wengi wanasema hajawahi kuandika mazuri kuliko hayo. Anamwita, anamfuata mpaka kwenye majabali ya Cornwall, anasikia sauti yake kwenye upepo. Swali langu: haya ni mapenzi? Mimi nasema hapana. Mtu uliyempa kisogo akiwa hai unamwitia nini akiwa kaburini? Ni mzee anajionea huruma basi, na sisi tunaosoma tunatoa machozi kwa mtu asiyestahili.

Kipepeo wa Tanga
Kaka umesoma mashairi yenyewe au umesoma habari za ndoa yake? Maana hivyo ni vitu viwili. Soma lile la sauti, anamwambia marehemu "unaniita, unaniita", beti tatu za mwanzo zinakwenda kama ngoma, unaweza kuzichezea kabisa, halafu beti la mwisho mapigo yanakatika, mistari inakuwa mifupi, mtu anajikongoja. Na katikati hapo anauliza kitu ambacho mwongo hawezi kuuliza: ni wewe kweli ninayekusikia, au ni upepo tu unaopita kwenye majani mabichi? Hajidanganyi huyo. Anajua pengine hakuna mtu, na bado anageuka kuangalia.

Bwana Shamba
Mimi naungana na mleta mada na naongeza, hao Waingereza wote wana hiyo tabia. Wanageuza miti na upepo kuwa leso ya kufutia machozi yao. Mshairi mwenzao Wordsworth tumekaririshwa shuleni lile shairi lake la maua ya manjano, eti alikuwa anazurura peke yake kama wingu. Peke yake wapi? Alikuwa na dada yake Dorothy, 15 Aprili 1802, kando ya ziwa Ullswater, na Dorothy akayaandika maua hayo kwenye daftari lake miaka miwili kabla kaka mtu hajatunga chochote. Na ile mistari miwili mizuri kuliko yote, ya jicho la ndani, kaitoa mke wake Mary, Wordsworth mwenyewe kakiri. Hardy ndio hivyohivyo, Emma kafa, Hardy kakuta daftari lake la kumbukumbu za ujana, kachota humo kaingiza kwenye mashairi.
Ukitaka kuona mgane wa kweli soma John Donne, mshairi wao wa zamani zaidi. Anne wake alifariki 1617, Donne hakuoa tena mpaka naye anaingia kaburini 1631. Siyo Hardy aliyeoa baada ya miezi kumi na minne na ushee. Na huyo Florence, mke wa pili, naye, mwanamke anayeingia nyumba ya marehemu udongo haujakauka anajua fika alichokifuata.

Mama Zawadi
Nimekuwa nasoma humu kimya, leo nimeguswa. Bwana Shamba, mimi nimeolewa na mgane. Niliingia nyumba ile mwaka mmoja na miezi miwili baada ya msiba, kwa hiyo ni kama umenihesabia. Unadhani nilifuata nini? Nilikuta watoto watatu, mdogo hajui kufunga vifungo vya shati, nikakuta picha ya mwenzangu sebuleni na ipo mpaka leo kwa sababu mimi ndiye ninayeipangusa vumbi. Ulizeni kwanza kabla hamjahukumu watu.
Na Florence mnamjua? Ameolewa Februari 1914 ana miaka 35, mume 73. Novemba mwaka huohuo mume anatoa kitabu, ndani kuna mashairi kumi na nane ya kumlilia mke wa kwanza. Miezi tisa ya ndoa! Barua zake zipo zinaonyesha kitabu kile kilimchoma. Mnamzungumzia Emma, mnamzungumzia Hardy, aliyekuwa hai ndani ya nyumba hamna habari naye.

Bwana Shamba
Mama sijakutaja wewe, na sikujui. Nimesema Florence. Na Florence alikuwa anaifahamu nyumba hiyo tangu Emma yu hai, kaja pale 1910 kama rafiki wa Emma huku anamchapia mzee kazi zake. Hiyo ndiyo iliyonikera.

Mama Zawadi
Umesema "mwanamke anayeingia nyumba ya marehemu". Hukusema Florence peke yake. Rudi usome.

Nesi wa Kata
Mbona hilo la Donne limepita tu kama mnyama kavuka barabara? Bwana Shamba unatuletea Donne kama mfano wa mapenzi. Mimi ni mkunga miaka 19. Anne Donne aliolewa Desemba 1601, kafa Agosti 1617. Hesabu. Miaka isiyofika kumi na sita, mtoto wa kumi na mbili, kazaliwa mfu, mama kafa siku chache baadaye. Ana miaka thelathini na tatu hivi! Halafu baba anabaki anaandika shairi kwamba mpenzi wake amelipa deni lake la mwisho na roho yake imetwaliwa mapema mbinguni. Imetwaliwa na nani? Mwili ule ulichoka. Nimewapokea akina mama wa uzazi wa nane na wa tisa wakiwa weupe kama karatasi, mume yuko nje anatembea huku na huko na anampenda kweli, simkatalii, lakini msiniletee hilo kama kipimo cha mapenzi.

Mpenda Vina
Dada yangu nesi, huwezi kupima watu wa 1617 kwa kliniki ya leo. Walikuwa na nini? Na Donne alilipia mapenzi yale, alimuoa Anne kwa siri bila ridhaa ya baba mkwe, akafukuzwa kazi, akatiwa gerezani pale Fleet. Mtu mwenye mbele yake ameitupa kwa ajili ya binti mmoja. Wangapi humu wangefanya hivyo?

Nesi wa Kata
Kufungwa kwake wiki chache, kuzaa kwa Anne miaka yote ile. Sijasema hakumpenda. Nimesema shairi linamsikia mume, na Anne hana beti hata moja. Ndicho Bwana Shamba alichosema kuhusu Dorothy, sasa kwa nini kwa Donne kakisahau?

Bwana Shamba
Hapo umenishika, nakiri. Lakini kutooa tena kwa miaka kumi na minne bado nakuheshimu. Alikuwa na watoto wadogo, angeoa tu hakuna ambaye angemsema.

Mama Zawadi
Kwa hiyo asiyeoa ndiye anayependa, anayeoa hapendi. Tumerudi palepale. Mume wangu anampenda marehemu, mimi ninajua, na mimi ananipenda. Mbona mnafanya moyo wa mtu kama kiti cha abiria mmoja?

Kijana wa Mwembeni
Tukiwa kwenye moyo, naomba kuuliza wakubwa, ni kweli moyo wa Hardy uliliwa na paka? Mwalimu wetu alituambia darasani.

Mpenda Vina
Mdogo wangu hiyo ni hadithi ya vijiweni, inarudiwa miaka na miaka bila ushahidi. Kilicho kweli ni hiki: Hardy alikufa 11 Januari 1928, wakubwa wa London wakataka azikwe kanisa la Westminster Abbey pamoja na washairi wenzake, watu wa nyumbani wakataka Stinsford kwao, basi wakagawana. Majivu yakaenda London, moyo ukatolewa ukazikwa Stinsford kwenye kaburi la Emma.

Mjukuu wa Bibi
Na huko Stinsford ndiko alikotaka yeye mwenyewe. Yaani mtu aliyeshindwa kukaa naye sebule moja anataka kulala naye udongo mmoja.

Mama Zawadi
Na aliyekuwa anaulizwa maiti ikatwe au isikatwe ni nani? Florence. Mjane ni yeye, maamuzi ya kuumiza ni yake, lakini moyo unakwenda kwa mwenzake. Miaka kumi na minne amemtunza mzee yule, juu ya meza ya mzee kuna kalenda imeachwa kwenye 7 Machi, siku aliyokutana na Emma, haigeuzwi. Florence akiingia chumbani anaiona. Alikufa 1937 naye akazikwa kaburi hilohilo la Stinsford. Hebu mniambie nani hapo alipenda bila kuandikiwa shairi.

Bwana Shamba
Mama, shikamoo. Neno langu la kwanza lilikuwa kali kuliko nilivyokusudia na nalirudisha. La kalenda sikulijua.

Mama Zawadi
Marahaba. Yameisha.

Kipepeo wa Tanga
Naomba turudi kwenye mashairi maana tunazika watu wote humu. Mleta mada umesema anajionea huruma. Chukua lile la jabali la Beeny, ameweka kabisa Machi 1870 mpaka Machi 1913. Anarudi pale baada ya miaka arobaini na tatu, ana miaka 72, anapanda. Bahari ileile, rangi ileile ya kito, jabali limesimama vilevile. Halafu anasema nini? Kwamba yule mwanamke aliyekuwa juu ya farasi nywele zikipeperuka sasa yuko mahali pengine, hajui Beeny wala haijali, wala hatacheka tena pale. Bwana Shamba ulisema wanageuza upepo kuwa leso. Hapa hakuna leso! Jabali halimlilii mtu. Wordsworth angelifanya lile jabali limfundishe kitu, limtulize. Hardy analiacha liwe jiwe. Ndiyo maana linaniuma mimi kuliko mengine yote, maumbile hayana habari na wewe, umekuja na huzuni yako na utaondoka nayo.

Mpenda Vina
Hilo mshairi Tennyson alishaliona kabla yake. Rafiki yake Hallam alifia Vienna 1833, kijana wa miaka 22, Tennyson akaliandika shairi lile refu la maombolezo vipande vipande mpaka 1850, miaka kumi na saba, na humo ndimo alimosema maumbile yana meno na kucha nyekundu kwa damu. Ila Tennyson mwishoni anatafuta Mungu na anapata utulivu kidogo. Hardy hapati.

Mjukuu wa Bibi
Sawa, nakubali mashairi ni mazuri, sikusema ni mabaya. Ninachosema ni kwamba hakuwa na haki. Angemwambia hata nusu ya maneno hayo mwezi wa kumi 1912, mama wa watu yuko juu darini anasikia hatua za mumewe chini.

Kipepeo wa Tanga
Kaka umehamisha swali. Mwanzo uliuliza kama ni mapenzi, sasa unauliza kama alikuwa na haki. Na kwa hilo la haki hata yeye anakubaliana na wewe. Katika lile la kwanza kabisa anamuuliza marehemu, kwa nini hatukuongea, kwa nini hatukukumbuka zile siku, hatukusema basi msimu huu hali ikiwa nzuri twende tukatembelee tena zile sehemu tulizotembelea zamani. Hapo ameandika "hatuku", yaani na yeye yumo. Kajiweka mwenyewe kizimbani.

Mjukuu wa Bibi
Kajiweka kizimbani, hakimu ni yeye, na wakili ni yeye. Emma hayupo mahakamani.

Nesi wa Kata
Hapo nipo na wewe asilimia mia.

Kijana wa Mwembeni
Mimi nimejaribu kutafsiri beti la mwisho la lile la sauti, naomba mniambie kama nimepatia:

*Basi mimi, najikongoja mbele,*
*majani yanidondokea,*
*kaskazi nyembamba yavuma kwenye miiba,*
*na mwanamke aniita.*

Kipepeo wa Tanga
Mashallah umejitahidi mdogo wangu. "Najikongoja" ndiyo yenyewe, usiiguse. Ila ondoa "kaskazi". Sisi wa pwani ukitutajia kaskazi tunasikia joto la Januari na majahazi yanaingia kutoka Arabuni, ni upepo wa neema. Wa Hardy unatoka kaskazini kweli lakini ni wa baridi, majani yanadondoka, unamkata mtu usoni. Andika "upepo wa upande wa kaskazini".

Mpenda Vina
Na "yavuma" pia siyo. Kuvuma kuna kelele, na pale upepo hauna nguvu, unapenya kidogo kidogo kwenye miiba kama maji kwenye ufa wa mtungi. Weka "wachuruzika".

Mama Zawadi
Upepo unachuruzika?

Mpenda Vina
Ndivyo alivyosema mwenyewe mama. Kwa Kiingereza nako upepo hauchuruziki.