Mafia kwa bajeti ndogo: dau, matumbawe na papa potwe

Wadau, Januari naenda Mafia na begi langu la mgongoni. Nipitie wapi? Potwe nitawaona?

— Panda boti Nyamisati, ushukie Kilindoni. Potwe wanaonekana upande huohuo, msimu wa kaskazi. Toka asubuhi mapema, bahari ingali shwari. Tafadhali usimguse, na kaa mbali na mkia. Niliyemwona mimi alikuwa juujuu, kapanua mdomo anameza uduvi, madoa meupe mgongo mzima. Sikutamani kurudi chomboni!

— Matumbawe nenda ghuba ya Chole, unaondokea Utende. Ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kuna kiingilio. Muulize nahodha kuhusu maji kujaa na kupwa kabla hamjatweka tanga.

— Asanteni wakuu. Miwani ya kuogelea nibebe?

— Beba, na fulana ya mikono mirefu. Jua linachoma mgongo ukielea kifudifudi.