Korongo linakula shamba la marehemu baba upande wa Hombolo: mvua ni chache, mbona uharibifu ni mkubwa hivi?

Mwana wa Hombolo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naandika kuomba mawazo ya watu wanaoijua ardhi ya Dodoma, kwa sababu jambo hili limenizidi kimo.

Marehemu baba alituachia shamba la ekari saba upande wa Hombolo, kwenye mteremko mdogo ambao mgeni akiupita hawezi hata kuutambua. Mwaka 2009 tulipomzika, korongo lilikuwa nje kabisa ya mpaka wetu. Leo kichwa chake, yaani ncha yake ya juu, kimefika kwenye mkwaju alioupanda kwa mkono wake. Nusu ya mizizi inaning'inia hewani, na ukishuka ndani ya korongo unaona udongo ulivyopangana: juu kichanga chekundu, katikati udongo mgumu wenye chembe nyeupe kama chokaa, na chini kabisa mchanga ambao ukiufukua kwa mkono unakuta unyevu hata mwezi wa nane.

Kinachonichanganya ni kwamba sisi si watu wa mvua nyingi. Miaka mitatu iliyopita mvua ya saa moja, mwanzoni mwa Januari, ilibomoa kipande cha shamba kinachotosha kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Mwezi uliofuata mtama uliobaki ukakauka kwa jua, nasi tukanunua unga hadi msimu mwingine. Nimepanga magunia ya mchanga kwenye kichwa cha korongo, nimetupa matawi ya miiba, nimetupa hata vipande vya matofali, na yote yamesombwa. Mzee mmoja kijijini anasema chanzo ni tetemeko la ardhi, kwa kuwa ukuta wa nyumba yetu nao una nyufa. Jirani anasema ni mifugo. Mwingine anasema ni mabadiliko ya tabianchi na hakuna la kufanya.

Naomba kuelezwa chanzo hasa ni nini, na pa kuanzia ni wapi. Niongeze tu kwamba juu yetu, kama mita mia nne, kuna barabara ya changarawe iliyotengenezwa miaka michache baada ya msiba, ila kati yake na sisi lipo shamba la jirani.

Binti wa Haubi amejibu:

Pole sana, ndugu yangu. Habari ya ule mkwaju imenigusa, maana mimi nimezaliwa Haubi, Kondoa, na makorongo ndiyo yaliyonilea. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na mengine yenye kina cha kumfunika mtu mzima mara kadhaa, na kwenda kisimani ilikuwa ni kushuka, kutembea ndani ya mchanga, na kupanda tena.

Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden. Mwanzoni walikuja na matrekta, wakachimba makinga maji kwenye vilima na kupanda miti. Kazi ilikuwa kubwa, lakini mifugo iliendelea kupita juu ya kila kilichopandwa. Ndipo mwaka 1979 ikatolewa amri ya kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000 walihamishwa. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka babu akihesabu ng'ombe wake mlangoni mwa zizi kwa kugusa mgongo wa kila mmoja, na baada ya hapo zizi likabaki tupu, nasi watoto tukawa tunakunywa chai ya rangi.

Nitasema yote mawili bila kuficha. Ardhi ilipona: ndani ya miaka michache nyasi zilirudi, kisha vichaka, na makorongo mengi yakaacha kupanuka bila mtu kuyagusa. Lakini watu waliumia. Wengine walihama na mifugo yao, na mzigo ule ukahamia kwenye ardhi ya wenzetu wa tambarare, wakati waliobaki walikosa maziwa na samadi kwa takriban miaka kumi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliporuhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya banda na kuwakatia majani. Kwa hiyo jirani yako hakosei anapotaja mifugo, ila asikwambie kwamba ndiyo chanzo pekee. Watafiti waliochunguza tabaka za udongo wa Haubi walikuta mmomonyoko wa huko ulianza maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya ufugaji wa sasa. Vilima vile vina udhaifu wa asili. Binadamu tumeuongezea kasi.

Nililojifunza kwetu ni kwamba korongo halitibiwi kichwani. Tulitibu vilima vya juu, chini kukatulia. Wewe unapambana na magunia pale maji yanapoangukia, yakiwa tayari yamekusanya nguvu zote. Panda juu ukaone yanakotoka.

Fundi Visima Mstaafu amejibu:

Dada wa Haubi amesema kweli, nami nitaongeza upande wa maji, kwa kuwa nimechimba na kupima visima mkoani hapa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Dodoma hupata mvua ya milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka, karibu yote kuanzia Desemba hadi Aprili. Kiasi hicho si kidogo mno. Tatizo ni namna kinavyokuja: siku chache za mvua kubwa zenye mapengo marefu ya jua katikati. Tena mvua ya kwanza huikuta ardhi ikiwa uchi, baada ya miezi saba ya ukavu, mabua yameliwa, majani yamechomwa. Tone likigonga udongo usio na kifuniko huvunja chembe zake, chembe laini huziba matundu, na juu hubaki utando mgumu unaofanana na sakafu iliyosilibwa. Maji yanayofuata hayana pa kuingia ila kukimbia. Waingereza waliuonja ugumu wa udongo wetu pale Kongwa kati ya mwaka 1947 na 1951, walipofyeka mapori kwa mitambo ili kulima karanga: wakati wa kiangazi ardhi ilikauka ikawa kama saruji, mvua nazo zikawaangusha, na mradi ukafa.

Hiyo ndiyo sababu mtama wako ulikauka katika msimu uleule uliosombewa shamba. Maji yaliyolibomoa ndiyo yaliyotakiwa kubaki shambani hadi Februari.

Kuhusu korongo kupanda juu, lifikirie hivi: maji yakianguka kutoka ukingoni hutoboa chini, hasa kwenye ule mchanga wenye unyevu ulioutaja, na ukuta ukishakosa msingi hudondoka wenyewe. Magunia yako yalikaa juu ya mchanga uleule unaochimbwa, na yasingeweza kudumu.

Sasa tetemeko. Mzee asidharauliwe. Mkoa wetu upo ndani ya Bonde la Ufa la Mashariki, mahali ambapo bonde hilo linatawanyika na kuwa mipasuko mingi badala ya bonde moja. Mtu akipanda treni ya kwenda Tabora, baada ya Bahi na Kintinku ataona ukuta wa Kilimatinde unaopaswa kukwewa ili kufika Manyoni. Ule ni mpasuko wa ardhi, na mitikisiko huku haijaisha. Lakini tetemeko halitengenezi korongo linalosogea kila masika na kutulia kila kiangazi. Na kuhusu nyumba, chunguza kwanza kama imejengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na nyufa zake hufunguka mwezi wa tisa na kujifunga kidogo mwezi wa pili. Ukiona hivyo, ujue ni udongo.

Jambo moja nakuomba uliweke moyoni, kwa sababu wengi hulikosea. Usitamani mvua kubwa zikome. Vina vya maji katika visima vya Makutupora, vinavyolinywesha jiji letu, vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950, na ni miongoni mwa rekodi ndefu zaidi katika nchi za tropiki barani Afrika. Zinaonyesha kwamba maji hushuka taratibu kwa miaka kadhaa, kisha hupanda kwa kishindo katika misimu michache yenye mvua nzito isiyo ya kawaida. Mvua za El Niño za mwaka 1997/98, zilizokata barabara na madaraja nchi nzima, ndizo zilizoijaza Makutupora kuliko msimu mwingine wowote katika rekodi hiyo. Maji hupita kwenye mito ya mchanga ambayo mwaka mzima huonekana mikavu, hutulia pale, na kuzama. Tusijenge mfereji wa zege wa kuyakimbiza yaende yasikoonekana. Yapunguzwe mwendo ili yazame.

Udongo wako nao unajulikana unakoishia. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na tangu hapo linapokea tope la mashamba yaliyo juu yake, la kwako likiwemo.

Sasa niambie: ile barabara ya changarawe ina kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara? Na mdomo wa kalavati unaelekea wapi?

Mkazi wa Nkuhungu amejibu:

Naunga mkono swali la mzee kuhusu kalavati. Huku mjini tumeyaona hayohayo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu 410,956. Ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Kila bati na kila lami iliyoongezeka hapo katikati ni mahali ambapo maji hayazami tena, na mtaani kwetu tumewahi kutoa godoro dirishani usiku ilhali mvua kubwa ilikuwa imenyesha mtaa mwingine kabisa. Maji yanayokuumiza mara nyingi si yaliyonyesha juu ya paa lako.

Ushauri wangu ni mfupi: usijenge chochote karibu na korongo hilo, hata banda la kuku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu ziwe umbali wa mita 60 kutoka kingo za mito, na mimi nimeshuhudia watu wakiuziwa viwanja ndani ya mkondo wakati wa kiangazi, mchanga ukiwa mkavu na mweupe kama uwanja wa mpira.

Binti wa Haubi amejibu tena:

Nimeona niongeze ya mikono, maana mwenzetu aliuliza pa kuanzia. Pima kontua, yaani mstari unaopita sehemu zenye kimo kimoja, kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, uzi na jiwe. Hiyo haihitaji mtaalamu. Kisha chimba fanya juu, yaani mtaro unaofuata kontua na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta, na juu ya tuta panda makarikari au nyasi yoyote unayoweza kuwakatia mifugo. Anzia sehemu ya juu kabisa ya shamba. Ukianza na tuta la chini, mvua moja italivunja.

Visiki vilivyo hai shambani usiving'oe. Kila kisiki kinapochipua, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, pogoa mengine, na funga kitambaa ili mchungaji ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Hiyo ndiyo kisiki hai inayofundishwa sasa katika vijiji vingi vya mkoa wetu. Mgunga wenye mizizi iliyokomaa chini ya ardhi hukua haraka kuliko mche wowote utakaopewa bure.

Korongo lenyewe lizungushie minyaa ili mbuzi wasishuke, uliache lipumzike.

Mwana wa Hombolo amejibu:

Wazee wangu na dada yangu, asanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilisubiri mvua.

Jumamosi ilinyesha mchana. Nilivaa mabuti, nikamwomba jirani wa juu tuongozane, naye akakubali ingawa tulikuwa hatujasemeshana vizuri tangu mwaka jana. Tulipofika barabarani tulikuta yaliyoulizwa na mzee. Mitaro ya pande zote mbili inakusanya maji ya mteremko mzima na kuyaleta kwenye kalavati moja, na mdomo wake unatazama shamba la jirani. Maji yalikuwa mekundu mazito, yanafika magotini, na yalikuwa na sauti. Yalikata katikati ya mahindi yake, yakavuka mpaka, yakaenda moja kwa moja kwenye mkwaju wa baba. Miaka yote hii yeye alidhani mimi nimeuachia mpaka uharibike, nami nilidhani ng'ombe zake ndio waliotengeneza njia.

Nyufa za nyumba nazo nimezitazama. Nyumba ipo juu ya mbuga, na zile nilizoweza kupitisha kidole mwezi wa kumi sasa hazipitishi hata ukucha.

Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, tumeandika barua kupitia serikali ya kijiji tukiomba maji ya mitaro yagawanywe kwa michepuko mitatu au minne kabla ya kufika kwenye kalavati, ili kila shamba lipate kiasi linachoweza kukinywa. La pili, hatutasubiri majibu: tuta la kwanza la fanya juu tutalichimba kwenye shamba lake, kwa kuwa ndilo lililo juu, na wanangu watasaidia. Jana tumepima mistari miwili kwa ile fremu ya herufi A.

Swali langu lililobaki ni kwa fundi visima. Chini ya kalavati, upande wa jirani, kuna kibonde kidogo chenye mchanga. Tukikizuia kwa mawe ili maji yatulie pale kabla ya kuteremka, tuache mwanya wa kupitishia yanayozidi upande gani, na mawe ya chini tuyazike kwa kina gani ili yasichimbuliwe kama yalivyochimbuliwa magunia yangu?

Fundi Visima Mstaafu amejibu:

Mwanya uwe katikati, chini kuliko mabega ya ukuta, ili maji yasizunguke kingo na kufungua njia mpya. Mawe ya msingi yafike kwenye ule udongo mgumu wenye chembe nyeupe. Yasiishie kwenye mchanga. Pale maji yanapoangukia, upande wa chini wa ukuta, tandaza mawe makubwa kama mkeka, la sivyo mtakuwa mmejijengea kichwa kipya cha korongo. Nipo Dodoma mjini hadi mwisho wa mwezi. Nitumie ujumbe wa faragha, nije na pima maji yangu tukitazame hicho kibonde kabla hamjaanza kubeba mawe.