Carina ya mzee imegongwa, bima wanasema totolosi, mzee kagoma

Kijana_wa_Mpwapwa
Wakuu heshima kwenu. Naomba mawazo maana hapa nyumbani hakukaliki. Mzee wangu ana Carina Ti, namba A, injini 5A, alilinunua bado anafundisha huko Mpwapwa na mpaka kastaafu tumehamia Dodoma ndo gari lake hilo hilo. Mwezi uliopita alikuwa anatoka Kibaigwa, kufika Ihumwa malori yamejipanga kapunguza mwendo, fuso lililokuwa nyuma yake halikupunguza. Mzee mwenyewe mzima, shingo tu ilimsumbua siku mbili tatu. Gari sasa, buti limeingia mpaka linagusa siti ya nyuma, bampa hulioni, taa zote kwisha. Trafiki walipima wakasema kosa la dereva wa fuso na mwenyewe hakubisha.

Mzee ana bima ndogo tu ile ya 118,000, inayolipa uliyemgonga na sio gari lako, kwa hiyo tunadai kwa bima ya fuso. Asesa wao, yule mkaguzi wa hasara, kaja kapiga picha, gereji waliyotupeleka imekadiria milioni 6 na laki 8, kampuni ikasema hiyo imezidi thamani ya gari kwa hiyo ni totolosi, yaani halifai kutengenezwa, watatoa milioni 3 na nusu na gari wanachukua wao. Halafu humo humo eti wanakata ekses, ile sehemu ya hasara anayojilipia mwenye bima. Karatasi ya kusaini tayari wameshatuma. Mzee kagoma, anasema yeye hajamwambia mtu anauza gari. Bi mkubwa anataka achukue hela yaishe. Hivi tunaweza kubaki na gari na hela tukapata? Na hiyo 3 na nusu imetoka wapi?

Nkuhungu_Boy
Pole mkuu, mshukuru Mungu mzee yupo. Ila ukweli usemwe, gari la zamani hivyo likishagongwa chukueni hela mjazie mtafute IST, mtakuja kulia na spea. Mwambie mzee gari ni chuma tu.

Kijana_wa_Mpwapwa
Njoo umwambie wewe 😂

MadaiDesk
Mkuu nimekaa dawati la madai kwenye bima miaka kadhaa ngoja nikupe kilivyo. Cha kwanza kabisa MSISAINI hiyo karatasi. Hiyo ndo hati ya kumaliza madai, ukishaweka sahihi umesema umeridhika na hudai tena chochote, hata shingo ya mzee ikija kuleta shida baadaye.

Pili, watu wengi wanachanganya hapa. Nyie sio wateja wa hiyo kampuni, mteja wao ni mwenye fuso. Masharti ya mkataba wa bima, sijui gari likizidi asilimia fulani tunachukua sisi, hayo ni yao na mteja wao. Mzee anadai fidia kwa sababu kaharibiwa mali, na haki yake ni kurudishwa alipokuwa dakika moja kabla ya ajali. Thamani ya gari kabla ya kugongwa ni, tuseme, milioni 5, mabaki, yaani gari lilivyo sasa, yakauzika milioni 1, basi mzee akibaki na mabaki wanampa 4. Hakuna anayemlazimisha kuwaachia. Ekses nayo ni fungu la mwenye fuso kwenye mkataba wake, wakiikata kwenu basi hiyo sehemu mnamdai yeye mwenye fuso.

Hiyo 3 na nusu ni bei ya mezani. Asesa akiona gari la miaka ya 90 anaandika umri, hafungui boneti. Tafuteni matangazo ya Carina Ti kama hiyo, zinazouzwa sasa hivi, Dodoma, Moro na Dar, zenye hali inayofanana, mprinti. Mkusanye na risiti za matengenezo kama mzee anatunza. Andikeni barua, sio simu, mkatae thamani yao na kuomba nakala ya ripoti ya asesa. Kwenye barua hiyo hiyo mdai na gharama ya kuvuta gari na nauli alizotumia mzee wakati hana gari, wenyewe hawatakukumbusha.

Kijana_wa_Mpwapwa
Risiti! Mkuu mzee ni mwalimu, ana daftari, kila oili aliyomwaga imeandikwa na kilomita zake. Asante sana.

Fundi_Kizota
Mimi naongelea chuma, ya karatasi yameshasemwa vizuri. Hiyo 6.8 ni hesabu ya vifaa vipya dukani. Carina spea zake zinapatikana, buti, bampa na taa unapata mtumba Ilala pale Dar, unapakiziwa kwenye basi, na kazi ya kunyoosha na rangi hapa Dom haifiki huko kabisa. Ombeni makadirio ya pili kwenye gereji yenu na vifaa vya mtumba, inaweza hata ikashuka chini ya thamani ya gari na hilo neno totolosi likafa lenyewe.

LAKINI kabla mzee hajafurahi, angalieni chesesi, ule uti wa chini unaobeba gari. Fungua milango ya nyuma yote miwili taratibu halafu ifunge. Kama inakwaruza au inabidi uinyanyue ndo ifunge, nguzo ya bodi imesogea. Angalia uwazi kati ya mlango na bodi, juu na chini uwe sawa. Kisha mwende chini ya gari na futi, upime kwa mshazari, tundu la chesesi la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Zikipishana kidogo mnavuta kwa mashine, zikipishana sana hata mkinyoosha litakuwa linatembea upande kama kaa, tairi zinaliwa kila baada ya miezi michache, na akigongwa tena nyuma hakuna cha kumkinga. Hapo mimi mwenyewe nitamwambia mzee aliachie.

Mama_Area_D
Naongezea, kampuni wakikaa kimya au wakikazia jibu lao andikeni malalamiko rasmi kwao kwanza, mkikwama mnaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hachaji. Na TIRA, wanaosimamia kampuni za bima, si makao makuu yako hapa hapa Dodoma, usihangaike na safari. Na kama mwisho mtaamua kuwaachia gari, msitoe tu kadi na funguo mkarudi nyumbani, hakikisheni umiliki umebadilishwa TRA. Shemeji yangu aliachia hivi hivi, kumbe aliyenunua mabaki kalitengeneza analitembeza, faini za trafiki na deni la paking vinasoma jina la shemeji.

Nkuhungu_Boy
Ok narudisha maneno ya IST kidogo 😅 ila chesesi kwanza

Kijana_wa_Mpwapwa
Fundi nimefanya ya milango. Wa kushoto unafunga vizuri, wa kulia unagusa kidogo kwa chini. Hiyo ni mbaya kiasi gani?

Fundi_Kizota
Upande aliogongwa zaidi ni upi?

Kijana_wa_Mpwapwa
Kulia.

Fundi_Kizota
Basi usinipe jibu la mlango peke yake, inaweza kuwa bawaba tu au bodi ya nje imekunjika. Pimeni mshazari mnitumie namba zote mbili. Na barua ya MadaiDesk iende kesho, msisubiri vipimo.