Kuahirisha masomo kwa sababu ya TB: mkopo unakuwaje?

MwanaMakambako
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili, uhasibu, chuo kimoja hapa Dar. Nimekohoa muhula mzima nikisingizia vumbi la Mabibo, kupima makohozi kumbe TB ya mapafu. Dawa nimeanza juzi, ni za miezi sita, na daktari kaandika nipumzike. Nimekonda, ngazi za hosteli nazipanda kwa vituo kama daladala. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ni mwezi ujao na koziweki, alama za kazi za muhula, nina testi moja tu.

Mama anasema rudi nyumbani. Baba mdogo, aliyenisomesha tangu fomu wani, anasema kaza, utaachwa na wenzako. Nikiahirisha, bodi ya mikopo wananifuta? Na rumeti wangu nimwambieje?

BintiUyole
Pole sana mdogo wangu. Mimi niliahirisha kwa ajili ya figo, mwaka huohuo wa pili. Usiondoke kimyakimya! Ukikosa UE bila kibali wanakuhesabu umetoroka, na hapo kudisco, yaani kuondolewa chuo, ni nje nje. Andika barua ya kuahirisha, ambatisha ripoti ya daktari, pitia kwa mkuu wa idara na mshauri wa wanafunzi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yangu ilipotelea mezani kwa mtu, muhuri ule ndio ulionirudisha darasani.

Mkopo unasimama tu. Pita dawati la mikopo hapo chuoni waitaarifu bodi, na ukirudi wafuate tena waseme umerejea. Ukizubaa, wenzako wanasaini boom, hela ya kujikimu ya mkopo, wewe jina halimo.

MzeeWaSapu
Mbona mnamrudisha mtoto wa watu mwaka mzima? Aombe speshali. Mitihani ya sasa anaiacha kwa kibali, anakuja kuifanya na sisi watu wa sapu, tunaorudia tuliyofeli. Ila hiyo koziweki ya testi moja amalizane na walimu kwanza, bila hiyo speshali haimsaidii.

NesiWaZamu
Ya chuo nawaachia nyie. Kijana, dawa za TB ni bure vituo vya serikali, Dar hata Makambako. Ukiamua kwenda nyumbani usibebe vidonge tu ukapotea, kliniki wakuandikie uhamisho. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni dawa, usishtuke. Lakini macho yakiona ukungu, au yakiwa ya njano, rudi siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ijayo. Ukishapata nguvu utajiona umepona. Wengi huacha dawa hapo, halafu wanarudi na TB sugu.

Rumeti mwambie leo akapimwe, dirisha liwe wazi, na ukikohoa ziba mdomo. Wengi wakinywa dawa vizuri wiki mbili hivi hawaambukizi tena, lakini hilo atakuthibitishia daktari wako.

MwanaMakambako
Asanteni mno. Rumeti nimemwambia, kaniuliza kama ndiyo maana nilikuwa namnyima kikombe changu. Kesho anaenda kupima. Baba mdogo nimemsomea habari ya speshali kwenye simu, kanyamaza weee, mwishowe kauliza inalipiwa shilingi ngapi. MzeeWaSapu, inalipiwa?

MzeeWaSapu
Sapu ndiyo walinikamua. Speshali niliyofanya nilipovunjika mguu na bodaboda sikutoa hata mia, ila huko kwenu uliza ofisi ya mitihani. Nenda asubuhi, mchana hawapatikani.